Kioo Kilichotazama Dari

Kwa miaka ishirini na miwili Kimya aliendesha gari ambalo si lake. Lilikuwa gari refu, jeusi, la mkurugenzi wa kampuni ya bima, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kiti cha nyuma hata siku moja. Hata mvua inyeshe, hata mkurugenzi akwame mkutanoni kwa saa tano. Dereva mwingine angejinyoosha huko nyuma auchape usingizi. Yeye alikaa mbele, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Jina la Kimya alipewa na madereva wenzake, likamganda mpaka nyumbani. Siku yake ya kwanza kazini mkurugenzi alimpa masharti mawili tu. "Masikio yako yaishie kwenye kiti chako," alimwambia. "Na hicho kioo kipandishe."

Kioo chenyewe ni kile cha katikati, kinachomwonyesha dereva walioko nyuma. Mkurugenzi hakupenda kutazamwa akila, akisinzia au akigombana na watu kwenye simu. Kimya akakipandisha kikatazama dari, akajizoeza kutumia vile vya pembeni peke yake, na tangu siku hiyo yaliyosemwa nyuma ya mgongo wake hayakumhusu. Watu walifukuzwa kazi huko nyuma, ndoa zikavunjwa, siri za kampuni zikamwagwa, na siku moja mkurugenzi mwenyewe alilia kwa kwikwi toka ofisini mpaka nyumbani kwake. Kimya alikaza macho barabarani. Kila aliposikia sauti ya chini nyuma yake, mwili wenyewe ulijua la kufanya: shingo inanyooka, mikono inatulia kwenye usukani, mguu unakanyaga mafuta taratibu zaidi. Wapo watu wanaojivunia ulimi wao. Huyu alijivunia kutosikia.

Mungu ana utani wake, maana mkewe alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo, mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu bila kipaza sauti, na kila jioni mumewe akivua viatu mlangoni alimsubiri na swali lilelile.

"Haya, leo bosi kasemaje?"

"Sijui."

"Hujui! Mtu unashinda na redio mgongoni, hujawahi kutuwashia hata dakika moja!"

Kimya alitabasamu, akaosha mikono, akala. Jambo moja tu alilizungumza kwa kirefu, nalo ni kile kiti cha nyuma. Ngozi yake laini, rangi ya maziwa. Taa ndogo ya kusomea. Mashimo ya barabara yanayopita chini bila wewe kujua. "Ipo siku utakaa pale," alimwambia mkewe walipokuwa bado vijana, na mkewe akamjibu kwamba siku hiyo atavaa viatu vya kisigino na hatamsalimia mtu.

Mwaka aliostaafu ndio mwaka ambao moyo wa mkewe ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, kisha pumzi ikawa ya kutafuta. Daktari, mama mpole asiyezungusha maneno, aliwaambia kuwa moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Akampa dawa, akampunguzia chumvi, akampiga marufuku ngazi, na mabasi ya safari ndefu akamwambia ayasahau.

"Na nikitaka kumwona dada yangu?" mkewe akauliza.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka minne. Alikaa mwendo wa saa saba, na nusu ya barabara hiyo ilikuwa mashimo matupu. Miguu ya dada mwenyewe ilikuwa haimruhusu tena kusafiri. Miaka sita ilikuwa imepita wanasikiana kwa simu tu.

Daktari alifikiri kidogo. "Mkipata gari zuri, lisilorusharusha, mkaenda polepole, nendeni," alisema. "Ila msikawie sana."

Kimya alilishika lile la gari zuri. La kutokukawia lilimpita, na mimi naamini lilimpita kwa sababu alikuwa tayari ameanza kuliona gari lenyewe kichwani.

Kiinua mgongo chake hakikuwa cha kutisha. Kilitosha kitu kimoja kati ya viwili: gari dogo zima, au gari kubwa bovu. Jumatatu ilipofika alikwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika pamoja na fundi wake wa siku nyingi, aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani yake iliyoungwa kwa waya. Miwani alizunguka yadi nzima, akasimama kwenye kigari cheupe kilichoachwa na mwalimu aliyehama. Akakiwasha, akakisikiliza, akalala chini yake, akainuka anacheka.

"Chukua hiki," alisema. "Weka mafuta, mtie shemeji ndani, Jumamosi mko njiani. Hakina hata tone la oili linalovuja."

Lakini Kimya hakuwa akisikiliza. Kona ya yadi, nyuma ya malori, palikuwa na gari refu jeusi la aina ileile ya mkurugenzi. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, rangi imefifia juu ya boneti, na bei yake ilikuwa sawasawa na ya kile cheupe. Alifungua mlango wa nyuma. Akakibonyeza kiti kwa kiganja, kikabonyea, kikarudi juu polepole. Ngozi ya rangi ya maziwa, na taa ndogo ya kusomea ikawaka.

Dalali akatokea hapohapo. "Mzee una jicho! Hili lilikuwa la balozi. Anayelijua gari hahitaji kuelezwa."

Ni kilemba cha ukoka kile, na Kimya akakivaa.

Miwani alilala chini ya gari hilo muda mrefu, na alipotoka hakuwa akicheka. Akamvuta rafiki yake pembeni. Gari lile, alimweleza, halikai juu ya springi za chuma kama magari ya watu. Linakaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojazwa upepo, ndiyo maana ni laini vile. Mifuko ikichakaa, gari linalala chini na haliendi popote. "Na hii imeshachakaa," alisema. "Bei ya gari la tajiri inashuka kadiri linavyozeeka. Bei ya vipuri vyake haijui kwamba gari limezeeka. Utanunua mfuko mmoja kwa bei ya kusomesha mtoto."

"Nimeendesha aina hii miaka ishirini na miwili," Kimya akasema. "Haijawahi kunisumbua."

Alisema kweli, na hapo ndipo pagumu. Kwa miaka yote ile, taa yoyote nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, Kimya alilipeleka gari kwenye gereji kubwa ya wakala, akatia sahihi kwenye daftari, akapewa chai, akarudishiwa ufunguo. Ankara ilipanda ghorofani kwa watu wa fedha. Alilijua gari lile mpaka mlio wa vidirisha vyake, ila hakuwahi kuona hata mara moja linagharimu nini.

Jioni alimweleza mkewe kuhusu magari yote mawili. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni.

"Hicho kidogo kinatembea?"

"Kinatembea."

"Basi nunua hicho, twende Jumamosi."

"Barabara ile itakuumiza. Utarushwa kama gunia."

"Nitakalia mto."

"Mimi sikuoa mke wa kukalia mto," Kimya akasema, na kwa mtu asiye na maneno, hilo lilikuwa tamko. Mkewe akacheka, akamwacha. Laiti angegombana naye siku ile! Kugombana alijua, tena vizuri. Lakini alimwona mumewe uso umemng'aa kama kijana anayeposa, na hakuwa na moyo wa kumzima.

Gari jeusi lilifika nyumbani Jumatano. Mkewe alitoka mpaka kizingitini, akaegemea mlango, akalitazama toka taa za mbele mpaka buti. "Mzee wangu, umeninunulia nyumba yenye magurudumu!" Akacheka mpaka akashika kifua, ikabidi akalishwe. Alhamisi asubuhi walipoamka, gari lilikuwa limelala tumbo chini, magurudumu yamemezwa na bodi.

Ilichukua wiki saba.

Mfuko wa kwanza walioubadilisha ulikuwa wa mbele kulia. Siku mbili baadaye ukapasuka wa kushoto. Bei ya mipya ilimfanya Kimya aombe kiti akae, kwa hiyo wakageukia watu wanaokata magari yaliyogongwa, wakapata ya mtumba, mmoja mzima, mmoja uliozibwa kwa gundi. Kisha pampu ya kujaza upepo ikafa kwa kufanya kazi kupita kiasi. Kisha ikawaka taa ambayo hata Miwani hakuijua. Akiba ikaenda segemnege. Miwani, ambaye angeweza kusema nilikuambia, hakusema. Alikuja kila siku baada ya kazi zake, akalala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, na alipoulizwa malipo alisema watahesabiana shemeji akirudi.

Na dirishani, mkewe aliwatazama. Wiki ya kwanza alikaa barazani akiwatania. Wiki ya tatu aliwatania akiwa ndani, pazia limefunguliwa. Wiki ya tano mito ilikuwa minne na utani ulikuwa mmoja, ule aliomwambia dada yake kwa simu kila alasiri: "Dada, gari bado limelala. Na mimi nimelala. Tunangojana."

Wiki ya sita alimwita mumewe. "Kile kigari cheupe. Bado kipo?"

Kimya alikwenda yadi kwa miguu. Kilikuwa kimeuzwa wiki ileile ya kwanza. Aliporudi alisimama mlangoni mwa chumba, kofia mkononi, na mkewe akamsoma usoni. "Haya," alisema kwa upole. "Basi tungoje hilo la balozi." Kimya alitoka akaenda kuosha vioo vya gari ambavyo tayari vilikuwa safi.

Siku ya mwisho ya wiki ya saba Miwani aliwasha injini, na gari likaanza kuinuka, nyuma kwanza, kisha mbele, taratibu kama mama anayeinuka na mtoto mgongoni. Wakaliacha mpaka kesho yake. Asubuhi lilikuwa bado limesimama. Kimya akampigia daktari simu, akamweleza hali ya mgonjwa bila kuficha: pumzi fupi, usingizi wa kukaa.

Daktari akauliza, "Mwenyewe anataka kwenda?"

"Anataka."

"Basi mpeleke."

Kimya alivaa shati jeupe, tai na koti lake la kazi. Alimbeba mkewe kutoka kitandani, na moyo ulimlipuka kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Mkewe alikuwa amevaa vile viatu vya kisigino, vya tangu ujana, visivyofungika tena juu ya miguu iliyovimba. Mkoba wake, wenye dawa na simu, Kimya aliuweka kwenye kiti cha mbele. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Nitakaa mbele na wewe," mkewe akasema.

"Nyuma ndiko kuzuri. Nimelinunua kwa ajili ya huko."

"Nitaongea na nani huko?"

"Pumzika, mama. Leo wewe ndiye bosi."

Mkewe akakubali. Akapangiwa mito, akafunikwa shuka, akapunga mkono kwa majirani bila kuwasalimia kwa sauti, kama alivyoahidi. Kimya akazunguka mbele, akafunga mkanda. Halafu mkono wake ukanyanyuka wenyewe, bila kutumwa na mtu, ukakisukuma kioo cha katikati kikatazama dari.

Saa mbili za kwanza mkewe hakufunga mdomo. "Eh, mzee! Kweli ni godoro!" Alisifu kiti, akawasha na kuzima ile taa ndogo, akasimulia namna dada yake alivyomficha kabatini asipelekwe shule siku ya kwanza kwa sababu wote wawili walikuwa wakilia. Kimya aliitikia "mm" na "ehe". Kisha lami ikaisha, wakaingia kwenye mashimo, na gari likayameza moja baada ya jingine. Hapo Kimya alifurahi kuliko siku ya harusi yake, wala sitii chumvi. Aibu ya wiki saba ilimtoka. Aliendesha kama alivyomwendesha mkurugenzi siku bora kabisa za kazi yake, mgongo wima, macho mbele, na alijua kwamba hakuna dereva mwingine ambaye angempitisha mgonjwa pale bila kumtikisa.

Walipovuka daraja alimsikia mkewe akisema kitu. Ilikuwa sauti ya chini, maneno machache, yakiishia juu kidogo kama swali.

Hakugeuka. Sisemi alimpuuza, maana alimpenda kupita kiasi. Mwili ulifanya kile ulichofundishwa: shingo ikanyooka, mikono ikatulia kwenye usukani, mguu ukakanyaga mafuta taratibu zaidi. Kama kuna kitu kilipita akilini mwake, ni kwamba mkewe anaongea na dada yake kwa simu, na maongezi ya ndugu si ya dereva. Baada ya hapo kukawa kimya, na Kimya akafurahi kwamba amepata usingizi. Akapunguza mwendo zaidi. Kwa saa nzima na nusu alikwepa kila jiwe, asimwamshe.

Shemeji yake alikuwa amekaa kwenye kiti getini tangu asubuhi, fimbo magotini. Alipoliona gari alianza kujiinua. Kimya akalisogeza, akapiga hesabu, akalisimamisha mlango wa nyuma ukiwa mbele ya yule bibi barabara, asipate shida ya hatua hata moja. Akashuka. Akafunga kifungo cha koti. Akazunguka, akafungua mlango.

"Mama, tumefika."

Dada mtu ndiye aliyeona kwanza. Aliachia fimbo, akaingia ndani ya gari kwa magoti yale yasiyopanda hata kitanda, akakikumbatia kichwa cha mdogo wake, akaanza kumwita kwa jina la utotoni ambalo Kimya hakuwahi kulisikia. Alimwita muda mrefu. Viatu vya kisigino vilikuwa vimevuliwa na kupangwa vizuri chini, kimoja kando ya kingine.

Walimzika hukohuko, karibu na mama yao. Siku ya nne, watu wakiwa wamepungua, shemeji alimwita Kimya akae karibu naye. Hakuwa na hasira. Alitaka tu chochote kilichobaki.

"Shemeji," alisema, "njiani alisemaje?"

Kimya alitazama mikono yake. Siku zile nne alikuwa ameshaichukua simu ya mkewe mara kumi, akatafuta kama alimpigia mtu yeyote asubuhi ile. Lakini hata kabla ya kutafuta alijua. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba yeye mwenyewe aliuweka mbele, kando yake.

"Alisema kitu baada ya daraja," alijibu. "Sikusikia."

"Hukusikia?" Yule bibi alimgeukia. "Si mlikuwa wawili tu ndani ya gari?"

"Tulikuwa wawili."

Shemeji alimshika mkono, na hilo lilimchoma kuliko kama angemtukana.

Kesho yake Kimya alianza safari ya kurudi peke yake. Aliketi, akafunga mkanda, akawasha injini, gari likainuka. Kisha akashika kile kioo kwa vidole viwili, akakishusha. Kiti kikaonekana chote: ngozi ya rangi ya maziwa, shuka lililokunjwa, na mito minne, mmoja ukiwa na bonde pale kichwa kilipoegemea. Miaka ishirini na miwili ya kuendesha, na ilikuwa mara ya kwanza kukiona kiti kile kutoka mahali pake.

Hakulia mpaka alipofika darajani. Hapo aliegesha pembeni, akakitazama kioo, akauliza kwa sauti, "Ulisemaje?" Akangoja. Lori likapita, likamtimulia vumbi. Akauliza tena, akangoja tena. Kisha akajifuta uso kwa tai, akaingia barabarani, na yule mtu ambaye hakuwahi kutoa hata neno moja la mkurugenzi nje ya gari akaanza kuzungumza.

"Siku ile aliyolia bosi," alisema kwenye kioo, "ilikuwa hivi. Mama, nilisikia yote. Miaka yote nilikuwa nasikia."

Akamsimulia. Akamweleza nani alifukuzwa na kwa nini, na nani alimpenda nani, na yule mhasibu mwenye wake wawili wasiojuana, jambo ambalo lingemchekesha mpaka machozi. Alisimulia kwa saa tano na nusu bila kupumzika, macho yakienda barabarani na kurudi kwenye kioo, mpaka sauti ikamkauka. Gari halikuharibika hata mara moja njia nzima.